Namna ya kuwashirikisha wapasuaji katika kuboresha upasuaji wa viungo kwa tundu dogo

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja hapa Mombasa. Tunafanya upasuaji wa goti na bega kwa tundu dogo, na uongozi umeniteua kuwa katibu wa kamati ya kuboresha huduma hiyo kabla hatujanunua mtambo mpya wa kamera. Nimewaita madaktari wapasuaji vikaoni mara kadhaa. Wachache wakija husema, "Leteni mashine nzuri, mengine tutamaliza wenyewe," kisha wanaondoka. Nifanyeje washiriki kwa dhati, si kutia sahihi tu? Na je, niwaombee posho ya vikao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba swali hili limetoka kwa fundi, maana nyinyi ndio mnaoitwa mambo yakiharibika, na mara nyingi ndio wa mwisho kuulizwa mambo yakipangwa.

Ukimwita mpasuaji kwenye chumba cha mikutano ukamuuliza "tuboresheje huduma?", atakujibu vile vile walivyokujibu wako. Ujuzi wa kazi hii haukai mdomoni. Umo mikononi, na hutoka akiwa ameshika vifaa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha kuwaita. Nenda wewe. Omba ruhusa kwa nesi msimamizi wa thieta na kwa daktari mwenye orodha ya siku hiyo, vaa nguo za thieta, simama nyuma ya monita, na uandike kila jambo linalomsimamisha mpasuaji. Usiulize chochote mgonjwa akiwa mezani. Andika saa, andika kilichotokea, andika alichosema.

Utashangaa utakavyojaza daftari. Picha inaingia ukungu, wanafungua kamera na kuifuta. Mara nyingi ukungu huo haupo kwenye ncha iliyomo ndani ya goti. Uko pale kichwa cha kamera kinapoungana na kioo cha darubini, yaani lile bomba jembamba la kutazamia linaloingia ndani ya kiungo, kwa sababu vifaa viliunganishwa vikiwa na unyevu. Kwetu pwani, ambako chombo hutoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kikakutana na hewa nzito, jambo hili hutokea zaidi, na dawa yake ni nesi wa kutakasa vifaa kuvikausha vizuri. Mashine mpya ya mamilioni haitaliondoa.

Au utamsikia daktari akisema "pandisha maji". Ndani ya kiungo tunapitisha maji ya chumvi ya hospitali ili kiungo kifunguke na damu isizibe picha. Pasipo pampu, nguvu ya maji hutokana na urefu ulipotundikwa mfuko: kila mita moja juu ya kiungo ni kama milimita 74 za zebaki. Kwenye bega, ambako hatuwezi kufunga mkanda wa kubana damu kama tunavyofanya pajani, picha safi hutegemea mvutano kati ya nguvu ya maji na presha ya damu ya mgonjwa. Ukipandisha maji kupita kiasi, yanapenya kwenye misuli na bega linavimba. Presha ya damu ikiwa juu, kila kitu kinageuka chekundu. Mpasuaji analalamika picha ni mbaya, uongozi unasikia "kamera mbovu", kumbe wa kuzungumza naye alikuwa daktari wa usingizi aliyesimama upande wa pili wa pazia. Kitanda usichokilala hujui kunguni wake, na kamati nyingi za ununuzi hazijawahi kukaribia kitanda hiki.

Ukishakuwa na kurasa kadhaa, mfuate kila daktari peke yake, pale pale thieta, katika zile dakika za kungoja mgonjwa anayefuata alazwe. Mwonyeshe: "Daktari, wiki hii umesimama mara kadhaa kwa ajili ya jambo hili. Ni kweli ndilo linalokusumbua?" Atazungumza hadi umwombe anyamaze. Mpasuaji hupenda swali dogo lenye ukweli wa kazi yake ndani yake.

Jua pia kwamba ushiriki wa wapasuaji ndio ulioizaa kazi hii yenyewe. Mwaka 1918 Kenji Takagi wa Tokyo aliingiza darubini ya kuchunguzia kibofu ndani ya goti la maiti. Mwanafunzi wake Masaki Watanabe aliendelea kutengeneza darubini moja baada ya nyingine, kila toleo akilipa namba, mpaka ile Namba 21 ndiyo iliyoenea duniani. Hebu fikiria hiyo 21 maana yake nini: mpasuaji anarudi kwa watengenezaji tena na tena kuwaambia pale picha inapokatika, pale taa inapozimika, pale mkono unapokwama. Mwaka 1962 Watanabe aliondoa kipande cha menisko iliyochanika kwa njia hiyo. Menisko ni gegedu, yaani mfupa laini, yenye umbo la hilali iliyomo ndani ya goti. Mwaka 1964 Robert Jackson wa Toronto alikwenda Tokyo, akajifunza kwa Watanabe, na kuipeleka mbinu hiyo Amerika Kaskazini. Wala hakuwa mwuza mashine aliyeieneza. Ni daktari aliyesimama kando ya daktari mwenzake na kutazama.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote, kwa kuwa hapa ndipo kamati nyingi zinapoteleza. Mpasuaji ni shahidi mzuri sana wa kinachotokea mezani. Kuhusu hali ya mgonjwa baada ya mwaka, yeye ni shahidi dhaifu, hata awe bingwa kiasi gani. Anaowaona kliniki ni wale waliorudi. Anayekumbuka zaidi ni yule aliyemshukuru. Na maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo aliyepasuliwa siku mbaya atapata nafuu hata kama upasuaji haukufanya lolote.

Haya si maneno ya kuwavunjia heshima wenzangu. Yamepimwa. Mwaka 2002 huko Houston, Marekani, J. Bruce Moseley na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 180 wenye goti lililolika. Kwa bahati nasibu, wengine walioshwa kiungo, wengine wakakwanguliwa gegedu iliyochakaa, na wengine walikatwa chale za ngozi tu bila kamera kuingia gotini. Wagonjwa hawakujua wako kundi gani. Kwa miaka miwili, waliopasuliwa kweli hawakupata nafuu zaidi ya waliokatwa ngozi tu. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walilinganisha upasuaji wa kweli na wa kuigiza kwa wagonjwa 146 wa umri wa kati waliokuwa na menisko iliyochanika kwa uchakavu, wakapata jibu lile lile baada ya mwaka mmoja. Upasuaji huo ulikuwa umefanywa kwa watu wengi mno duniani, na madaktari waaminifu walioamini kwa moyo wote kwamba unasaidia.

Kuna mabaya zaidi. Miaka ya 1990 ilienea mbinu ya kukaza bega linalotoka mahali pake kwa kuuchoma kwa joto mfuko unaolizunguka. Ilikuwa rahisi, ya haraka, na kwenye monita ilipendeza: unaona tishu zinajikunja mbele ya macho yako. Halafu mabega yakaanza kutoka tena, baadhi ya wagonjwa wakaumia neva, wengine wakapoteza gegedu. Ikaachwa. Baada yake ilikuja pampu ndogo ya kudondosha dawa ya ganzi ndani ya bega kwa siku mbili tatu baada ya upasuaji. Mgonjwa hakuumwa, kila mtu alifurahi. Miezi ikapita, na vijana wakarudi na mabega yaliyokauka gegedu kabisa. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo. Naandika haya nikiwa na uchungu, kwa sababu bega la kijana wa miaka ishirini likishapoteza gegedu hakuna anayeweza kumrudishia. Na tatizo lilichelewa kugunduliwa kwa kuwa kila daktari alikuwa na mgonjwa wake mmoja au wawili, kila mmoja akidhani ni bahati mbaya yake peke yake.

Kwa hiyo unapowashirikisha wapasuaji, washirikishe kama wachunguzi wa kazi yao wenyewe. Usiwatumie kama mashahidi wa kusema kifaa fulani ni kizuri. Maoni yao juu ya mkono, picha na muda yachukue kama yalivyo. Maoni yao juu ya nani amepona, wasaidie kuyapima.

Upimaji huo haulazimu fedha nyingi. Anzeni na rejista moja, kwa upasuaji wa aina moja. Ningechagua ule wa kutengeneza upya ligamenti (ukano unaoshika mfupa na mfupa) ya mbele ya goti, ile ambayo wachezaji wa mpira huiita ACL, kwa sababu wagonjwa wake wengi ni vijana na matokeo yake yanaonekana. Andikeni umri, siku ya kuumia na siku ya kupasuliwa, kipandikizi (kano inayowekwa badala ya ligamenti iliyokatika) kilitoka wapi na unene wake, menisko ilikuwaje na ilifanywa nini, mkanda wa kubana damu ulifungwa kwa muda gani, na kama palitokea maambukizi, goti kukakamaa au kipandikizi kukatika. Karatasi ya ukurasa mmoja. Ikizidi hapo, ndani ya mwezi mmoja hakuna atakayeijaza.

Wenzetu wa nchi za kaskazini walianza hivyo. Norway ina rejista ya ligamenti za goti tangu mwaka 2004, na rejista za Skandinavia ndizo zilizoonyesha kwamba kipandikizi cha kano za nyuma ya paja hurudiwa upasuaji mara nyingi zaidi kuliko kile cha kano ya chini ya kifuniko cha goti. Mpasuaji mmoja asingeweza kuliona hilo kwa macho yake. Tofauti ni ndogo mno kwa mtu mmoja, lakini ni kubwa kwa nchi nzima.

Upande wa mgonjwa, lipo dodoso la kupima hali ya goti liitwalo KOOS, lenye maswali 42, linalotumika pote duniani. Litumieni, lakini lisomeni kwanza na wagonjwa wenu. Swali la kupiga magoti limewekwa kwenye sehemu ya michezo na burudani. Hapa Mombasa mtu anapiga magoti kila siku kwa ajili ya kusujudu, na mzee asiyeweza kusujudu hatakuambia ameshindwa na michezo. Ataliacha swali hilo wazi, au ataandika kwamba yeye hachezi. Msiyabadilishe maswali yenyewe, maana mtashindwa kulinganisha na wengine. Ongezeni yenu machache pembeni: kusujudu, kukaa jamvini, kupanda na kushuka matatu. Hapo wapasuaji wako watavutiwa kweli, kwa sababu jambo hilo wao wanaweza kulichunguza vizuri kuliko hospitali yoyote ya Oslo.

Kumfuatilia mgonjwa ndiyo kazi ngumu. Wanakuja kutoka Kwale, Kilifi, Lamu, Taita Taveta. Wanabadilisha laini za simu. Wakipona hawapokei, na wakikasirika pia hawapokei. Chukueni namba ya mgonjwa na za ndugu zake wawili. Pigeni wiki ya sita, mwezi wa sita na mwaka wa kwanza, na anayepiga asiwe daktari aliyempasua. Mgonjwa wa Kiafrika ana adabu. Hatamwambia daktari wake kwamba goti halifai.

Hapo mtagundua pia mambo yasiyohusu kamera hata kidogo. Kijana wa Likoni anayetakiwa kuja mazoezi ya viungo akiwa na magongo lazima ashuke ule mteremko wa feri katikati ya msongamano wa watu. Akiogopa, haji. Asipokuja, goti linakakamaa, na mpasuaji anadhani alikosea pa kuchimba tundu la mfupa. Kumtafutia mtaalamu wa mazoezi upande wake wa kivuko kunaweza kuboresha matokeo yenu kuliko mtambo mpya.

Baada ya rejista, video. Karibu kila mtambo wa kamera unaweza kurekodi, nazo picha hizo hufutwa au husahaulika. Ombeni idhini ya mgonjwa kwa maandishi, toeni jina na namba yake kwenye picha, hifadhini mahali penye ufunguo; Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu moja kwa moja. Kisha mara moja kwa mwezi tazameni vipande vifupi pamoja. Mwaka 2013 huko Michigan wapasuaji 20 wa kupunguza unene, ambao nao hufanya kazi kwa matundu madogo, walileta kila mmoja video moja, na wenzao wakazipa alama bila kujua ni ya nani. Waliopata alama za chini kabisa, wagonjwa wao walipata madhara kwa asilimia 14.5, waliopata alama za juu kabisa, asilimia 5.2. Kwa hiyo macho ya wenzako yanaona kitu cha kweli.

Lakini kikao cha video kinaweza kuharibika kwa siku moja. Ikiwa video ya kwanza ni ya daktari mdogo, na mkubwa akamkosoa mbele ya watu, kikao kimekufa. Mwombe daktari mwandamizi, faraghani na kwa heshima zake zote, alete yeye kwanza kipande cha upasuaji uliomtoa jasho. Wengine watamfuata. Na manesi wa thieta wawepo. Nesi anayepokeza vifaa ameona mikono ya madaktari wote. Anajua nani huomba kifaa gani kabla ya kukwama, ujuzi ambao hakuna daktari mmoja mwenye nao.

Kuhusu mtambo mnaotaka kununua. Msikubali onyesho la siku moja lenye mwakilishi wa kampuni kando ya daktari. Ombeni ukae wiki kadhaa, utumiwe na kila mpasuaji, na kila mmoja aandike pale uliposhindwa. Wewe fundi uliza yako: vipuri vinatoka wapi, nani anaruhusiwa kuufungua, darubini inahimili otoklevu (mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke) au hapana, umeme ukikatika na jenereta ikiwaka picha hurudi baada ya muda gani. Halafu pigeni hesabu ya gharama kwa mgonjwa mmoja. Bei ya mtambo ni mwanzo tu. Visu vya mashine ya kukwangulia, mirija ya maji na nanga ndogo za kushikia nyuzi mfupani ndivyo vitakavyowala miaka yote. Nimeshawahi kuona hospitali yenye mtambo mzuri inayotumia tena na tena visu vilivyotengenezwa kutumika mara moja, kwa sababu bajeti ya vipya haikuwekwa. Na kila daktari aliyewahi kulipiwa safari au mafunzo na kampuni iliyo kwenye zabuni aseme mapema, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Kusema hivyo si kosa wala aibu. Kuficha ndiko kunakoharibu.

Siku moja mpasuaji wako atakuja na wazo jipya kabisa: kuchimba kwa pembe nyingine, kufunga kwa namna nyingine. Furahini, na msimwache afanye kimyakimya. Upo utaratibu uitwao IDEAL, uliochapishwa mwaka 2009, unaoigawa safari ya mbinu mpya: wazo kwa wagonjwa wachache wanaojua kwamba ni jipya, kulirekebisha, kulichunguza kwa wapasuaji wengi, kulilinganisha na mbinu ya zamani, kisha kulifuatilia miaka mingi. Wazo likishakuwa la kujifunza jambo la kuwaeleza wengine, huo ni utafiti. Lipelekeni kamati ya maadili na muombe kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Utaratibu huo hauui ubunifu. Baadhi ya wapasuaji walikuwa wakiongeza ukanda mmoja upande wa nje wa goti kwa vijana wanaotengenezewa ACL, wengine wakipinga. Wapasuaji wa Kanada na Ulaya walikubaliana kulipima kwa kugawa makundi kwa bahati nasibu, kwa wagonjwa 618 wa umri wa miaka 14 hadi 25. Matokeo yalitoka mwaka 2020: baada ya miaka miwili kipandikizi kilikatika kwa asilimia 11 ya wasioongezewa na asilimia 4 ya walioongezewa. Ubishi wa madaktari ukageuka goti zima la kijana. Hicho ndicho ninachokitamani pwani yetu, na hakuna sababu ya kutowezekana hospitali zetu zikiweka rejista zinazosomana.

Posho: mimi nisingelipa ya kuhudhuria. Inaleta watu wa posho. Fedha hizo mwajirini karani mmoja wa kujaza rejista na kupiga simu, kwa sababu kinachowakimbiza wapasuaji ni karatasi, na mzigo huo ukitolewa mabegani mwao wengi watabaki. Walipeni kwa wanachokithamini: kila baada ya miezi mitatu, kila daktari apate ukurasa mmoja wenye matokeo ya wagonjwa wake yakiwa kando ya wastani wa hospitali, bila jina la mwingine. Na kazi hiyo ikipelekwa kwenye mkutano wa chama cha madaktari wa mifupa, jina lake na lako yawe juu yake.

Atakayekataa kabisa, mwache. Anza na wawili wanaotaka, hata kama ndio wadogo. Usimseme mikutanoni, usimwondoe kwenye orodha ya barua. Ripoti ya robo mwaka mtumie kama wengine, hata kama hajaleta mgonjwa hata mmoja.